Shati la Rangi ya Kutu

Benchi la mwisho katika nyumba ya ibada ya Caney, lile la karibu na mlango na mbali na jiko la makaa, lilikuwa limelika katikati likafanya kijibonde, na kijibonde hicho kilikuwa cha makalio ya Arvil Sturgill. Watoto wakienda kukikalia, mama zao waliwavuta mkono: "Toka hapo, hapo ni pa Arvil." Hakuna aliyempangia. Mbele, kulia kwa mimbari, walikaa wanaume washirika. Kushoto, wanawake washirika. Na wale ambao hawajaitwa walikaa nyuma. Arvil alianza kukaa nyuma akiwa kijana wa ndevu za kwanza, na ndevu zikaja kuwa nyeupe akiwa hapohapo.

Wala hakuwa mtu mbaya. Kaburi likichimbwa Caney, mchimbaji alikuwa yeye, na hakugusa hata kikombe cha kahawa mpaka jeneza lishuke. Mjane akiishiwa kuni, aliamka akazikuta zimepangwa barazani, na nyayo za buti kwenye theluji. Na sauti! Enzi zile ibada haikuwa na piano wala ngoma wala kioo cha kuandikia maneno ukutani. Mzee wa kanisa alitoa mstari mmoja wa wimbo kwa haraka, kama mtu anayerusha kamba ng'ambo ya mto, na watu wote wakaudaka na kuuvuta polepole, ukipanda na kushuka kama mgongo wa ile milima yao. Aliyeuvuta kuliko wote alikuwa Arvil, huko nyuma mlangoni. Mzee Lonzo Amburgey, aliyewaongoza, alizoea kusema, "Sisi huku mbele tunafungua midomo tu. Wimbo unatoka nyuma."

Lakini Arvil hakuwa ndugu. Ni washirika peke yao walioitwa Ndugu na Dada. Wakitoka ibadani walishikana mikono: "Mungu akulinde, Ndugu Burl. Uwe na amani, Dada Oma." Wakifika mlangoni: "Haya, Arvil." Neno lenyewe dogo tu, lakini kukosekana kwake alikusikia kila mara, kama mtu anavyosikia ngazi iliyokosa kidato kimoja.

Watu wa Caney ni Wabaptisti wa kale, wa milima ya Kentaki, na hawasemi "nimeokoka." Kwao neno hilo linanuka majivuno, kama mchuuzi anayejipimia unga kwa kibaba chake mwenyewe. Mtu wa Caney, hata awe ametumikia kanisa tangu ujana, ukimuuliza hali ya roho yake atatazama viatu vyake na kusema, "Nina tumaini dogo." Basi. Na tumaini hilo halifukuzwi kama kuku wa kuchinjwa. Mtu kwa asili yake amekufa katika dhambi, ndivyo walivyofundishwa, na maiti hajifungulii jeneza. Atakuja kufunguliwa, au hatafunguliwa. Kazi yake ni kungoja na kutosema uongo.

Baba yake Arvil, Hobert, alilipata lake mgodini. Paa la mwamba lilimwangukia, akalala gizani na paja lililovunjika, na katika giza lile akaona mwanga mweupe kama maziwa ukitoka kwenye jiwe, na sauti ikamwita kwa jina. Alisimulia hayo kila mwaka, wakikusanyika makaburini kuwakumbuka wafu wao, na kila mwaka alilia mahali palepale. Arvil alikua akiyasikia. Alipoingia mgodini naye, taa yake ya kichwani ikizimika, hakuwa na haraka ya kuiwasha. Alikaa kimya akingoja. Giza lilikuwa giza. Kisha mwenzake angepiga kelele, "Wee Sturgill, umelala?" naye akawasha taa na kurudi kwenye makaa.

Alimwoa Delphia Ison, binti wa ng'ambo ya mlima, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali na mikono iliyojua unga. Delphia alipata tumaini lake mapema, mtoto wao Reva akiwa bado ananyonya, na akataka abatizwe Januari hiyohiyo bila kungoja joto. Kijito cha Caney kilikuwa kimeganda. Arvil ndiye aliyekwenda alfajiri na shoka kuvunja barafu ya kidimbwi, akatoa vipande kwa mikono hadi vidole vikawa kama vya mtu mwingine. Kisha akasimama ukingoni na blanketi, Delphia akashushwa, akapandishwa, akaja kwake anatetemeka na kucheka.

"Unacheka nini na wewe?"

"Sijui," alisema Delphia, meno yakigongana. "Funga blanketi, mwanamume, nitakufa hapa nikiwa safi."

Tangu siku ile kidimbwi kikawa kazi ya Arvil. Kila mwisho wa baridi alipanga upya mawe ya chini ili maji yafike kiunoni, akatoa matawi, akakata ngazi kwenye udongo wa ukingo ili vikongwe wasiteleze. Aliwaona wakiingia mmoja baada ya mwingine: shemeji zake, wachimbaji wenzake, mlevi mmoja aliyekuwa akipiga watu chupa, hata Reva binti yake kabla hajaolewa na kuhamia Ohio kama walivyohamia wote. Mzee wa kanisa akipanda kutoka majini, alimpa Arvil mkono ili amvute. Arvil alivuta. Miguu yake mwenyewe haikulowa.

Kisha Ottis akauza mlima.

Ottis Sturgill alikuwa mtoto wa baba yake mdogo. Walikua pamoja kama vidole, wakila mkate wa mahindi wa sahani moja. Kichwa cha bonde, kule chemchemi za Caney zinakotokea, kilikuwa urithi wa Ottis. Wakaja watu wa kampuni wamevaa kofia safi, wakamwambia makaa hayachimbwi tena kwa mashimo, siku hizi mlima unavuliwa kofia tu. Arvil alipopata habari alikwenda kwa Ottis, akamkuta barazani anabwia ugoro.

"Ottis, nasikia maneno."

"Yapo."

"Hayo maji yanapita kwangu. Yanapita kanisani."

"Maji yatapita tu, Arvil. Maji hayana pa kwenda ila chini."

"Babu yetu kazikwa kule juu."

"Babu watamhamisha kwa heshima. Wameandika." Ottis alitema pembeni. "Nina mtoto anayekula vidonge vya kulevya kama njugu, nina mke ambaye figo zimemwacha. Wewe una nini? Una mawe yako ya kupanga. Kapange."

"Wewe si binamu yangu tena."

"Damu nzito kuliko maji, Arvil."

"Basi subiri uone maji yatakavyokuwa mazito."

Yalikuwa mazito kweli. Walipasua kilele kwa baruti, wakasukumia kifusi mabondeni, na mvua ya kwanza ya masika iliposhuka, Caney ikaja na rangi ya kutu. Samaki walielea matumbo juu. Mawe aliyoyapanga Arvil yalivaa ute mwekundu usiotoka hata kwa brashi ya chuma. Alijaribu. Delphia alimkuta amepiga magoti kijitoni anasugua jiwe, akamwambia tu, "Njoo ule." Tangu hapo waliobatizwa walipelekwa kwenye mto mwingine, mbali, kwa magari. Na waliobatizwa wenyewe wakazidi kupungua, maana mgodi uliofunguliwa kwa mashine haukuhitaji watu, na kijana akae bondeni kwa nini, kuangalia maji mekundu?

Lililomvunja Arvil lilikuja baadaye. Siku moja ya ibada, Mzee Lonzo akiwa katikati ya mahubiri, Ottis alisimama kutoka benchi la nyuma, upande wa pili wa mlango, analia kama mtoto aliyepotea sokoni. Akaenda mbele akampa Lonzo mkono. Akasema alikuwa amelala kitandani akaona mkono umeandika jina lake ukutani. Watu walilia, wakamkumbatia. Wakampeleka kumbatiza katika mto wa watu wengine, maji meupe. Siku iliyofuata walimwita Ndugu Ottis.

Arvil alikwenda nyumbani. Usiku, juu ya maharage, alisema, "Aliyeua maji kabatizwa. Aliyeyatunza anaangalia."

Delphia aliweka kijiko chini. "Ungependa Mungu akulipe kwa kusafisha matawi?"

"Sikusema kulipwa."

"Ndicho ulichosema, bwana wee."

Alijua ni kweli. Alichungulia moyoni mwake akaona kitu ambacho hakukipenda: alikuwa ameweka hesabu ya kila kaburi alilochimba na kila mzigo wa kuni aliokata, na akamchukia Ottis si kwa ajili ya mlima tu bali kwa sababu Ottis hakuwa na hesabu yoyote na bado jina lake likaandikwa. Hilo lilimtisha kuliko yaliyokipata kijito. Alisema moyoni, mtu mwenye kitu hiki ndani yake hawezi kuitwa. Na akaendelea kukaa nyuma, akiimba, na kila Ottis alipopita mlangoni akasema, "Haya, Arvil," yeye alitazama misumari ya sakafu.

*

Delphia aliugua kansa ya tumbo. Ilianza kama kukosa hamu ya chakula na haikuchukua muda mrefu. Walipomrudisha kutoka hospitali ya mjini walisema hakuna la kufanya ila kumpunguzia maumivu, na Arvil akamwekea kitanda chumba cha mbele, karibu na jiko, mahali anapoona barabara.

Siku moja alikuja mchungaji wa lile kanisa jipya la barabara kuu, lenye kuta za bati na maegesho makubwa kuliko bonde. Jina lake Tyler, kijana wa meno meupe na shati lisilochomekewa. Alikuwa na moyo mwema, lazima isemwe. Aliomba vizuri kando ya kitanda, kisha akamgeukia Arvil barazani.

"Mzee, mama ameniambia hujabatizwa."

"Ndiyo."

"Mbona rahisi! Unarudia sala baada yangu hapahapa. Dakika mbili, umeokoka, unaingia ndani kumwambia mama."

"Dakika mbili hata yai halijaiva, kijana."

"Mungu hana haraka, lakini pia hachelewi—"

"Basi mwache asiwe na haraka." Arvil alimshikia mlango wa gari. "Asante kwa kuja. Angalia daraja, mbao moja imeoza."

Aliporudi ndani, Delphia alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa umebaki macho tu.

"Ungeweza kusema tu," alisema.

"Kusema nini?"

"Hayo maneno yake. Kwa ajili yangu."

"Unataka nidanganye, Delphia?"

Nje gari la Tyler lilipita darajani, ubao ukalia. "Hapana," alisema Delphia. "Sitaki udanganye. Nataka nikuone majini kabla sijafa. Ni kitu kimoja tu nataka. Sitaki kingine, hata uji sitaki. Nikifika huko nitaulizwa, yule wako yuko wapi? Niseme yuko kwenye benchi la nyuma?"

"Sijaitwa. Baba aliona mwanga. Ottis kaona mkono. Hata Burl aliisikia sauti kwenye shimo la choo, wakamcheka, lakini aliisikia. Mimi nimekaa kwenye giza kuliko wote na sijaona hata njiti ya kiberiti."

"Mimi je?"

"Wewe nini?"

"Umewahi kuniuliza yangu ilikujaje?"

Arvil alijaribu kukumbuka. Ilikuwa kweli. Miaka yote ile ya ndoa hakuuliza. Wanawake hawakusimama mbele kusimulia kama wanaume. Walimnong'oneza mzee wa kanisa, basi.

"Nilikuwa namenya viazi," alisema Delphia. "Reva analia, maziwa yananiuma, na mama yako kanisema asubuhi yote. Nilikuwa namchukia mama yako, Mungu amrehemu. Nikawa namenya kiazi, namtafuta huku moyoni nimchukie kidogo, kama mtu anavyotafuta jino bovu kwa ulimi. Sikumpata. Nikamtafuta tena. Pako wazi. Hapaumi. Nikakaa na kile kiazi mkononi nikasema, nani kapita hapa?"

"Basi?"

"Ndiyo basi. Hakuna mwanga, hakuna mkono. Niliona aibu kusema. Wenzangu wana malaika, mimi nina maganda ya viazi."

Arvil alimtazama. Alitaka kucheka na alitaka kulia, akafanya kilicho katikati, akachochea jiko. "Hukuniambia," alisema akiwa amempa mgongo.

"Hukuuliza."

Akiwa ameinama pale, alijitafuta naye. Alimtafuta Ottis moyoni. Hakuhitaji kumtafuta mbali. Ottis alikuwa amekaa pale na ugoro wake, mzima, mnene, na uchungu wake ukiwa mbichi kama wa jana. Arvil alifunga mlango wa jiko.

"Sina, mke wangu," alisema. "Nimeangalia."

Delphia alinyoosha mkono juu ya blanketi, akamgusa kifundo cha mkono. Hakulisema tena. Alikufa wiki ile vichaka vya milimani vilipoanza kutoa maua meupe, asubuhi, Arvil akiwa amekwenda kuleta makaa. Arvil alichimba kaburi mwenyewe. Reva alikuja kutoka Ohio, akamwambia, "Baba, kuna watu wa kukodi wenye mashine," naye akaendelea kuchimba kwa sepetu.

*

Ibada ya meza ya Bwana na kuoshana miguu hufanywa Caney mara moja kwa mwaka, kiangazi. Zamani magari yalijaa hadi shambani, watu wakala chini ya miti hadi jua linazama, na mabeseni yalipangwa safu mbili. Mwaka ule yalitosha mawili. Upande wa wanawake walibaki wanne, akiwemo Dada Oma Ison, shangazi yake Delphia, kiziwi wa sikio moja na msemaji wa mdomo wote. Upande wa wanaume walibaki Mzee Lonzo na Ottis.

Na Mzee Lonzo alikuwa amekatwa mguu kwa kisukari. Alihubiri akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Wanawake walianza. Walifunga taulo ndefu viunoni, wakainamiana, wakalia kwa sauti ya chini na kukumbatiana, kama ilivyokuwa siku zote. Kisha ikawa zamu ya wanaume. Ottis alijifunga taulo, akapiga magoti kwa shida, akauosha mguu mmoja wa Lonzo, akaupangusa kidole kwa kidole. Halafu akakaa kwenye benchi, akavua viatu na soksi, akaweka miguu yake pale sakafuni, akangoja.

Hapo ndipo walipoona. Mwaka uliopita alikuwapo Ndugu Burl. Burl alikuwa kaburini. Mzee Lonzo alishika magurudumu, akajaribu kuinama mbele, kiti kikateleza, Ottis akamzuia kwa mkono. "Acha, Ndugu Lonzo. Acha tu. Haidhuru."

"Inadhuru," alisema Lonzo. Machozi yalimtoka, mzee yule aliyezika bonde zima. "Hakuna mwanamume wa kukuosha."

Wanawake hawawezi kumwosha mwanamume. Hiyo ndiyo desturi. Ottis alitazama miguu yake. Alikuwa amezeeka vibaya. Mwanawe vidonge vilishamwua, mke naye alikwenda, na fedha za mlima zilikwishapita mikononi kama yale maji. Aliinama kuchukua soksi yake.

Nyuma, benchi lililia. Arvil alikuwa amesimama.

Alipita kati ya mabenchi matupu, buti zake zikigonga mbao. Oma alishika mdomo. Wote walidhani ameitwa. Lonzo alinyoosha mkono kumpokea, lakini Arvil hakuushika.

"Sijaja kwa hilo," alisema. "Sina kitu. Naomba taulo."

"Arvil," alisema Lonzo taratibu, "unajua taulo ni la washirika."

"Najua kuliko wewe, nimeliangalia tangu hujawa mzee wa kanisa. Lakini siwezi kukaa kule nikamwona mtu anavaa soksi kwenye miguu mikavu siku kama ya leo. Hata kama ni huyu."

"Kasema nini?" aliuliza Dada Oma kwa sauti.

"Anataka kumwosha Ottis, shangazi!" alimjibu mwanamke aliyekaa kando yake.

"Basi mwacheni aoshe! Maji yanapoa!"

Lonzo alitazama kuta, alitazama mabenchi. Pengine aliona hakuna tena aliyebaki wa kulindiwa sheria. Akafungua taulo kiunoni mwa Ottis akalikabidhi.

Arvil alipiga magoti. Miguu ya Ottis ilikuwa imevimba, kucha nyeusi, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu. Aliingiza mguu wa kushoto kwenye beseni, kisha wa kulia, na kwenye kisigino cha kulia kidole chake kikapita juu ya kovu. Alilijua. Walikuwa watoto, wakiruka kwenye kidimbwi cha Caney enzi kikiwa cheupe, Ottis akakanyaga chupa. Arvil alimbeba mgongoni hadi nyumbani, damu ikimtiririkia suruali, na Ottis akamwambia sikioni njia nzima, "Usinidondoshe, Arvil. Usinidondoshe."

"Bado lipo," alisema.

"Lipo," alisema Ottis. "Baridi ikija linaniuma."

Arvil aliupangusa. Na akiwa anaupangusa, kwa mazoea tu, alimtafuta Ottis pale alipomweka siku zote. Alitafuta tena. Mkono wake ulisimama juu ya taulo.

Walimwona amekaa hivyo muda, kichwa kimeinama, na Lonzo alidhani anaumwa. "Arvil? Magoti?"

"Viazi," alisema Arvil.

"Nini?"

"Delphia alisema ni kama viazi." Aliinua uso, nao ulikuwa umelowa, na haukuwa na furaha hata kidogo, ulikuwa uso wa mtu aliyefika stesheni akaona mkia wa treni. "Kwa nini leo, Lonzo? Kwa nini si majira ya maua? Aliniomba kitu kimoja."

Lonzo aliuliza tu kile ambacho kazi yake ilimtaka aulize. "Una nini, Arvil? Sema mwenyewe."

Arvil alifikiri. Hakutaka kusema uongo, hata sasa.

"Nina tumaini," alisema. "Dogo. Dogo sana."

Ottis ndiye aliyemwinua, mtu asiye na viatu akimwinua mwenye buti. "Karibu, Ndugu Arvil," alisema. Alikuwa wa kwanza.

*

Waliulizana wapi pa kumbatizia. Mzee mmoja wa kanisa la bonde jingine, Garland, ndiye angeingia majini badala ya Lonzo, na alitaja ziwa la bustani ya serikali, lenye ngazi za saruji. Arvil alikataa.

"Caney," alisema.

"Ndugu Arvil, yale si maji," alisema Garland. "Yale ni sumu tupu. Nina upele mkono mmoja kwa kuopoa tu mtego mle."

"Utaingia kidogo na kutoka. Delphia alibatizwa pale. Alisema anataka kuniona majini, na yeye anajua maji yapi."

Asubuhi ya siku hiyo alipanga mawe tena, yale mekundu, na kukata ngazi upya. Alivaa shati jeupe alilolipiga pasi Dada Oma. Walipofika ukingoni Ottis alimshika mkono wa shati.

"Usiingie humu. Twende ziwani, nitakupeleka mwenyewe." Aliyatazama maji. "Mimi ndiye niliyeyafanya hivi."

"Najua," alisema Arvil. "Najua kwa miaka mingi. Shika blanketi."

Ottis alishika blanketi. Lonzo, kutoka kwenye kiti chake barabarani, alitoa mstari, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na sauti ya nyuma ya kuuvuta, ilikuwa majini. Wakauvuta wao, watu sita, ukatoka mwembamba. Garland alimshusha akampandisha. Arvil alipanda ngazi zake mwenyewe, maji yakimtoka mekundu, na alipofika juu alitazama barabarani, upande wa nyumbani, kama mtu anayetaka kuonwa. Ottis akamfunga blanketi. Hakuna aliyecheka.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Alipofika barazani, akiwa bado anatiririka, alifungua mlango akaita, "Delphia! Lete—" na akasimama hapo na jina lile mdomoni. Aliingia akakaa jikoni, kwenye kiti, mpaka shati likamkaukia mwilini.

Doa halikutoka. Oma alilichemsha, akaliloweka kwa maji ya majivu, akalilaani. Lilibaki na rangi ya kutu kuanzia ukosi hadi pindo. Arvil alilivaa kila siku ya ibada, mbele, kulia kwa mimbari, kando ya Ottis. Hawakuongea sana. Aliimba, lakini alisema wimbo ukitokea mbele hauna nguvu kama ukitokea nyuma.

Mapafu yaliyojaa vumbi la mgodini yalimmaliza msimu wa baridi uliofuata. Reva alikuja kutoka Ohio na shati jipya kwenye mfuko, na alipoliona lile lingine limetandikwa kitandani, alikasirika na kulia. "Watu watasema tumemzika baba mchafu. Mtu aliyebatizwa anazikwaje na hili?"

Ottis alikuwa mlangoni na sepetu. Kaburi alikuwa amechimba yeye, kidogo kidogo, siku nzima, kwa miguu ile iliyovimba, na alikuwa amekataa mashine.

"Mwache Ndugu Arvil na shati lake," alisema. "Mama yako atalijua."